Mapenzi ya Kusoma na Vitabu vya Chini ya Dawati

Kuna mzaha uliochakaa ambao hurudiwa hapa chuoni kila anapokuja mgeni kutoa mhadhara juu ya vitabu: eti ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liandike kitabuni. Watu hucheka, mgeni hutikisa kichwa kwa masikitiko, kisha kila mtu huenda zake kula. Mimi mzaha huo haunichekeshi. Si kwamba ni wa uongo mtupu, bali unaianza hadithi katikati. Unatuonyesha mtu mzima asiyesoma, unamlaumu, wala hauulizi mtu huyo alikuwa nani alipokuwa na miaka minane. Makala hii inajaribu kueleza kilicho nyuma ya mzaha huo: mapenzi ya kusoma humwingiaje mtoto, hulishwa na nini, na hukatikia wapi. Nitadai kwamba aghalabu hayaingii kwa mlango wa vitabu vinavyosifiwa darasani. Huingia kwa mlango wa uani, kwa vitabu vilivyofichwa chini ya dawati, na taaluma yetu ya uhakiki imeupa kisogo mlango huo kwa muda mrefu mno.

Tuanze na sikio, maana huko ndiko kusoma kunakoanzia. Mtoto aliyeketi jikoni usiku akaitikia "hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea" ameshaandikishwa shule ya fasihi kabla hajashika kalamu. Anajua kwamba jambo likitokea mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu kuna kitu kitageuka. Anajua kwamba Sungura akianza kusema maneno matamu kuna mtu ataumia. Anajifunza pia kuvumilia kucheleweshwa: wimbo unaimbwa katikati ya mkasa, naye anataka wimbo uishe ili ajue zimwi limefika wapi, na papo hapo hataki uishe. Sisi darasani tunayaita haya taharuki na takriri. Bibi yangu mzaa mama hakuwa na msamiati huo, ila alikuwa na tabia moja ya kutesa: akifika pale pabaya kuliko pote husema, "Haya wajukuu zangu, zilizobaki kesho," anazima kibatari. Kwa hiyo neno la kwanza la kifasihi nililolijua maishani ni "itaendelea", ingawa nililijua kabla sijaliona limeandikwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025, amelieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia nyingi tunazokariri. Katika kumbukumbu za utoto wake, Dreams in a Time of War, zilizotoka mwaka 2010, anasimulia jioni za hadithi katika nyumba ya Wangarĩ, mke mkubwa wa baba yake. Hadithi zilikuwa mali ya usiku, mchana hazikupatikana. Kisha akaenda shule, akajua kusoma Kigikuyu, na nakala chakavu ya Agano la Kale ikamwangukia mikononi. Tangu hapo hakuwa na haja ya kungoja jioni. Tuangalie vizuri kilichotokea pale. Kitabu hakikuzifukuza hadithi za mdomo, kilizirefusha. Kilimpa mtoto mchana wa kuongezea kwenye usiku wake. Na kiliweza kufanya hivyo kwa sababu kilikuwa katika lugha ileile ambayo hadithi zilimfikia nayo. Mtu huyuhuyu baadaye aliandika vitabu vya watoto kwa Kigikuyu vinavyomhusu Njamba Nene, cha kwanza kikatoka mwaka 1982. Wengi huvitaja vitabu hivyo kama msimamo wa kisiasa tu, na kweli ni msimamo. Kwangu mimi vilevile ni mtu mzima anayelipa deni kwa mtoto aliyekuwa na kitabu chakavu.

Hapa sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuisemi vya kutosha. Maandishi yetu hayadanganyi: yanatamkwa kama yalivyo. Mtoto akishapita a, e, i, o, u, akaimba ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake wote, akavuka vigingi vya ng', mbw na nyw, basi hakuna neno kwenye ukuta wa duka, kwenye mfuko wa unga au ubavuni mwa daladala ambalo litamshinda kutamka. Akilitamka, sikio linalitambua, na maana inaingia. Lakini kujua kutamka bado si kusoma. Mtoto anayehangaika na kila silabi ametumia akili yake yote kwenye silabi. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshasahaulika, na hakuna mkasa duniani unaoweza kumshika mtu wa namna hiyo. Anahitaji kusoma vingi, tena vingi vyepesi, mpaka herufi zitoweke mbele ya macho abaki na watu na matukio tu. Kipindi hicho, kati ya miaka saba hivi na kumi na miwili, ndicho kinachoamua mengi. Na kinachohitajika wakati huo si kitabu bora, jamani. Ni wingi wa vitabu. (Kwa mtoto ambaye kwao huzungumzwa Kisukuma au Kimakonde kitupu mambo ni magumu zaidi: anaweza kuitamka sentensi nzima bila kukosea na asiambulie kitu. Hilo linastahili makala yake.)

Wingi huo umetoka wapi hapa kwetu? Mwaka 1967 kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, baada ya kampeni za kisomo, serikali ilisema wamebaki karibu asilimia 10. Mwaka huohuo wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam. Ni kazi kubwa, nisieleweke vibaya. Ila watu waliofundishwa kusoma walihitaji cha kusoma kesho yake na kesho kutwa, na vitabu vya kampeni viliwaeleza kilimo bora cha pamba, lishe na ufugaji wa kuku. Vyote vina faida. Lakini nani aliwahi kukesha na kitabu cha ufugaji wa kuku?

Pengo hilo likajazwa na watu ambao hawakualikwa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa ameshafungua njia kwa Bwana Msa wake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Faraji Katalambulla akaleta Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 akaja Elvis Musiba na Kufa na Kupona, na Willy Gamba akawa mtu anayefahamika kuliko mawaziri kadhaa. Miaka ya 1980 Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Pembeni yao lilikuwapo gazeti la Sani na katuni zake za Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Pimbi na Madenge, ambalo naamini lilifundisha watu wengi kusoma haraka kuliko darasa lolote, kwa sababu mwenye nakala alikuwa mmoja na waliokuwa wakimchungulia begani walikuwa watano, naye hasubiri mtu kugeuza ukurasa.

Mimi nimezaliwa baada ya wakati wao, lakini waliningoja. Babu yangu mzaa baba, mstaafu wa reli, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Juu kulikuwa na hati za kiwanja na vyeti, chini yake vitabu vya kurasa za njano vilivyonuka mafuta ya taa. Vyeti nilikatazwa kugusa. Vitabu hakuna aliyevitaja, nami nikauchukua ukimya huo kama ruhusa. Kufa na Kupona ya babu ilikuwa imeliwa na mchwa: kurasa za mwisho hazikuwapo. Nikamfuata. "Babu, mwisho wake inakuwaje?" Akajibu bila kuinua macho kwenye redio, "Mjukuu wangu, mwisho anapona. Kitabu kingine yumo." Hilo silo jibu analotaka mtoto wa miaka kumi. Nilitunga miisho minne ya kwangu, na kila mmoja nilimsimulia mdogo wangu kama ndio wa kweli. Sikujua kwamba kazi hiyo ina jina, na kwamba siku moja nitafundishwa na wanadharia wa Ulaya kuwa msomaji hushiriki katika kuijaza matini.

Sasa tazama vitabu hivyo vinaitwaje katika taaluma yetu: fasihi pendwa. Neno lenyewe linatokana na kupenda, lakini hutamkwa kama tusi. Kinyume chake ni fasihi dhati, kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa na dhati. Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, wengi wao wakifuata mkabala wa Kimarx, walivisema vitabu hivi kwamba vinawalewesha vijana, vinaiga majasusi wa Magharibi, vinamweka mwanamke kama pambo. Nakiri sehemu kubwa ya lawama hizo ina ukweli. Wanawake wa Willy Gamba ni wengi na hakuna hata mmoja ambaye ningependa kuwa. Wahusika waovu wanajulikana kwa sura kabla hawajafungua mdomo, na sadfa zimejaa kama nzi buchani. Lakini uhakiki huo uliuliza swali moja tu, kitabu kinasema nini, ukasahau kuuliza kitabu kinamfanyia nini msomaji ambaye bado anajengwa. Mtoto anayesoma kurasa mia na hamsini kwa siku mbili, bila mtihani mbele yake wala fimbo nyuma, anafanya jambo ambalo mtaala wetu wote haujui kulifanya.

Tena mpaka huo kati ya dhati na pendwa si ukuta wa mawe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya uwazi wake juu ya mambo ya mapenzi. Bila shaka marufuku hayo yaliifanyia kitabu tangazo ambalo mchapishaji asingeweza kulilipia. Leo kitabu hichohicho tunakihakiki kwa heshima zote, tukitaja nafasi ya mwanamke na malezi ya mabavu ya Zakaria. Kilianzia chini ya dawati, kikapanda juu ya dawati, na hakikubadilishwa hata nukta.

Mfano wangu mkubwa zaidi ni Shaaban Robert, ambaye hakuna atakayethubutu kumwita pendwa. Wengi wetu tumesoma Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952: Adili, liwali wa Janibu, anawapenda nyani wawili na kuwalisha vizuri, na bado kila usiku anawachapa, mpaka mjumbe wa Mfalme Rai anapomchungulia na siri inatoka kwamba nyani hao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu. Darasani tunaandika dhamira ya wivu na msamaha, tunafunga daftari. Lakini mwili wa kisa hicho ni wa Alfu Lela Ulela, ile hekaya ya Abdalla bin Fadhil na ndugu zake wawili. Huko mfalme ni Harun Rashid, mji ni Basra, na ndugu wamegeuzwa mbwa. Hekaya za namna hiyo zilizunguka katika pwani yetu kwa mdomo kabla hazijatolewa vitabuni kwa Kiswahili mwaka 1929, pamoja na Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina.

Sioni aibu yoyote kwa Shaaban katika hilo, na siwaelewi wanaolinong'ona kama kashfa. Mimi namwona msomaji aliyependa hekaya hata akataka kuikaa mwenyewe. Tazama alichokigeuza. Majina ya watu wa Baghdad yameondoka, yameingia majina ambayo yenyewe ni tabia: Adili, Hasidi, Mwivu, Mwelekevu. Mbwa wamekuwa nyani, na nyani anapolia machozi huku anachapwa inauma zaidi, kwa sababu anafanana nasi. Lakini kitu kimoja hakukigusa: mlango uliofungwa usiku, kiboko, na jicho linalochungulia. Aliyejua kwamba hapo ndipo msikilizaji hushika roho ni mtu aliyewahi kushika roho yake hapohapo. Falsafa yote ya utu aliyotaka kutupa ameipakia kwenye mkasa wa jini na uchawi, aina ileile ya hadithi ambayo mwalimu angemnyang'anya mwanafunzi.

Basi, ikiwa njia ipo, kwa nini wengi huishia njiani? Jibu langu ni kidato cha kwanza. Kwa miaka saba mtoto amesoma kila somo kwa Kiswahili, na kama alibahatika, herufi zimeanza kutoweka mbele ya macho yake. Januari inafika, anavaa sare mpya, na vitabu vyote ila kimoja vimegeuka Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake yanasema hivi na mdomo unasema vile. Msomaji wa miaka kumi na minne anarudishwa kwenye silabi. Anakuwa tena yule anayesahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho. Tangu hapo kitabu kwake ni mzigo wa kutafsiri, na mtu habebi mzigo kwa starehe. Nimewauliza wenzangu kadhaa kwenye vimbweta ni lini waliacha kusoma kwa kupenda, na karibu wote walinitajia mwaka huo. Wachache ambao hawakuacha walikuwa na akiba ya Kiswahili pembeni: shangazi mwenye magazeti yenye hadithi za Eric Shigongo, kaka mwenye riwaya za Mtobwa, binamu anayetumiwa hadithi vipande vipande kwenye simu, kila kipande kikiishia na lile neno la bibi yangu.

Na kile kitabu kimoja kilichobaki kwa Kiswahili? Nacho tumekiua kwa njia nyingine. Kila anayekumbuka vitabu teule, Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, anakumbuka vilevile vijitabu vya uchambuzi vilivyouzwa kando ya barabara: dhamira saba, ujumbe tisa, mbinu za kisanaa kumi na moja. Mwanafunzi anaweza kupata alama A kuhusu Watoto wa Mama N'tilie bila kuwahi kutembea na Peter na Zita hata mtaa mmoja. Simlaumu, mtihani umemwambia kwamba watoto wale si watu bali ni mifano ya umaskini. Kisha anafika chuo kikuu, anachukua shahada ya fasihi, na desa linaendelea kazi iliyoanzwa na uchambuzi. Tunao wahakiki wanaojua umuundo na umarx, lakini mwulize riwaya ya mwisho aliyoimaliza bila kupangiwa uone atakavyotafuta simu yake mfukoni.

Najua hoja ya upande wa pili. Mtu atasema: ukimwacha mtoto na Willy Gamba atabaki na Willy Gamba hadi uzeeni. Wengine hubaki, ni kweli. Babu yangu alibaki, na sikuona hasara aliyoipata. Lakini msomaji wa kingi huchoka na kinachojirudia. Mimi baada ya kitabu cha sita cha upelelezi nilianza kumjua muuaji kufikia ukurasa wa arobaini, na uchovu huo ndio ulionipeleka kwa Kezilahabi, si mwalimu. Kuonja kunatokana na kula. Asiyekula hawezi kuambiwa ladha.

Liko jambo moja ambalo jarida kama hili lingeweza kulifanya bila kuomba fedha kwa mtu. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, umewasaidia waandishi na wachapishaji wa Tanzania kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, ukinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Vitabu hivyo vipo. Baadhi ni vizuri mno, vingine ni mahubiri yaliyovikwa ngozi ya sungura. Lakini nimepekua matoleo ya jarida hili yaliyomo kwenye kabati la idara na sikukuta tahakiki hata moja ya kitabu cha mtoto. Tunaandika kurasa kumi na mbili juu ya Nagona, ambayo wasomaji wake tunaweza kuwahesabu kwa majina, na hatuna aya moja juu ya kitabu kinachosomwa na darasa zima la tatu kwa zamu.

Maswali ya kuuliza hayahitaji nadharia mpya. Sentensi zake zikisomwa kwa sauti zinapita mdomoni, au zinakwama kama zilizotafsiriwa? Mkasa unaanza ukurasa wa ngapi? Mhusika mtoto anaamua jambo lolote mwenyewe, au kazi yake ni kungoja mzee atoe nasaha? Mchoro unasema kitu ambacho maneno hayakusema? Ukimsomea mtoto nusu ukafunga kitabu, anadai kilichobaki? Swali hili la mwisho nimelijaribu likizo iliyopita kwa wapwa zangu wawili na vitabu saba. Vitatu walividai. Kimoja walikiiba mezani usiku. Viwili walivisikiliza kwa adabu, na cha saba, chenye jalada zuri kuliko vyote, mdogo alisinzia ukurasa wa nne. Naomba wahariri wanipe nafasi katika toleo lijalo nikihakiki kile kilichoibwa.